Kuseti taa za intavyuu kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi

Intavyuu yangu ya kwanza kwenye chumba cha kupanga nilirudi na bibi wa kijani. Sitanii. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili huku Temeke, chumba cha kwanza kushoto ukishapita baraza, ukuta umepigwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kifua na juu yake chokaa, mi nikaingia na taa zangu tatu kama nilivyoona YouTube, ya mbele, ya kujazia na ya nyuma, nikawasha zote na kwenye kioo cha kamera nikaona mambo si ndo haya. Usiku nafungua kwenye kompyuta, shavu moja la bibi lina rangi ya jani la mgomba, ukuta wa nyuma unawaka kumzidi yeye, na kwenye kioo cha kabati la vyombo nimekaa mimi mwenyewe na hedifoni zangu. Mhariri akanipigia kuuliza kama bibi anaumwa.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Kwenye studio kubwa mwanga ukishampita mtu unaenda kupotelea huko gizani, haurudi. Kwenye chumba kidogo unagonga ukuta unarudi, unagonga dari unarudi tena, na kila unapogonga unabeba rangi ya ulichogonga. Yaani chumba chenyewe ni taa ya nne ambayo hukuileta na haina swichi. Kwahiyo siku hizi nusu ya begi langu ni vitambaa, na muda mwingi nauzuia mwanga kuliko ninavyouongeza.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye ile hali yenyewe: mita 3 kwa 3 au pungufu, ndani kuna kitanda au makochi, kabati, tivii, labda friji, mko watatu na mhojiwa wa nne, na hela ya kukodi vifaa haipo. Mfano wangu utakuwa chumba cha yule yule bibi maana nilirudi kurekodi upya, alinikubalia kwa huruma tu.

Hatua ya 1: Ingia mikono mitupu

Begi la taa liache barazani. Piga hodi, vua viatu, salimia, kaa. Hii ni hatua ya kiufundi kabisa wala sio adabu peke yake, kwasababu zile dakika kumi za shikamoo na habari za watoto ndo unaangalia dirisha liko wapi na linatazama nini, ukuta una rangi gani na ni ya mafuta au ya maji, juu kuna dari au ni bati tupu, soketi ziko ngapi na ipi imeungua, pangaboi linalia au halilii, jirani ana redio, mashine ya kusaga iko mtaa wa ngapi.

Kama chumba pekee kilichopo ni cha kulala omba ruhusa kwanza usijipeleke, na kama mhojiwa ni mwanamke na nyie timu nzima wanaume acheni mlango wazi au muombeni ndugu yake akae ndani. Atatulia, na mtu aliyetulia hata taa ikiwa mbaya anatazamika.

Kabla ya kusogeza chochote piga picha za chumba kwa simu, kona zote nne. Jioni utazihitaji. Alafu omba kusogeza vitu kimoja kimoja, usikurupuke. Mi nilisema "Bibi, naomba tuisogeze hii meza kidogo," akanijibu "Sogeza mjukuu wangu, ila mguu mmoja hauna, umeegeshwa tofali." Ningeivuta tu kwa ujuaji, tivii ingekuwa chini.

Hatua ya 2: Tafuta mshazari

Kosa tunalofanya wengi ni kumuweka mtu mgongo ukutani, kamera ukuta wa pili, mnatazamana kama mko kwenye daladala. Hapo una mita 3 tu, ukitoa mwili wa kamera, ukimtoa mtu mwenyewe na kiti chake, unabaki na mita moja na nusu hivi na nyuma yake hakuna nafasi hata ya kivuli chake kuanguka, kinamganda pale pale ukutani.

Chumba cha mita 3 kwa 3 kutoka kona mpaka kona kina mita 4 na sentimita 24. Umepata zaidi ya mita nzima ya bure. Mhojiwa mkalishe mita moja na nusu mbele ya kona moja, kamera ikae kona ya pili, na nyuma yake utapata kuta mbili zinazokutana, picha inakuwa na kina, haionekani kama ya pasipoti.

Nyumba za Kiswahili zina zawadi nyingine, ile korido ya katikati. Kama mlango umekaa vizuri itoe kamera nje kabisa, iweke koridoni ipige ndani kupitia mlangoni. Utapata nafasi ya kutumia lenzi ya mili 50 au hata 85 badala ya ile pana inayomvimbisha mtu pua. Tatizo ni kwamba koridoni watu wanapita na ndoo za maji kuelekea uani, kwahiyo muweke kijana mmoja wa kuongea nao kwa upole, na muulizaji abaki chumbani pembeni ya mlango, kichwa chake kikiwa usawa wa macho ya mhojiwa. Kama haiwezekani ubaki ndani na mili 35, kwa kamera ya sensa ndogo ya APS-C hiyo inatosha sana, we usimsogelee mtu tu chini ya mita moja na robo.

Halafu kochi. Makochi ya sebuleni yanameza watu, mtu anazama, magoti yanapanda, na akitaka kusema jambo zito anajikunjua kuja mbele nusu mita. Kumbuka hilo maana kwenye taa litatusumbua. Omba kiti cha mbao au hata kile cha plastiki, kifunike na khanga kisilie.

Hatua ya 3: Zima kila kitu

Taa ya juu zima. Tivii zima. Pangaboi zima, sio kwa sauti tu, likizunguka karibu na taa yako au ukiwa umegeuza taa iangalie juu basi uso wote utakuwa unapepesa na utajua ukiwa kwenye kuhariri. Pazia funga. Sasa kaa kwenye giza dakika moja uone mwanga unapenya wapi, juu ya ukuta chini ya bati, kwenye tundu la mlango, kote huko.

Baada ya hapo amua kuhusu dirisha, na uamuzi uwe mmoja: ama ndo taa yako kuu ama umelifunika kabisa. Nusu nusu ndo inaleta balaa, kwasababu mwanga wa mchana uko kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 hivi, kivulini unapanda zaidi uelekee kwenye ubluu, wakati globu ya njano iko 2700 au 3000, ukivichanganya usoni unapata mtu mwenye nusu ya bluu na nusu ya chungwa, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Dirisha kama taa kuu linapendeza kuliko chochote nilichowahi kununua, hasa lenye wavu wa mbu maana wavu unapunguza ukali kidogo. Ila lina masharti. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, intavyuu ya saa moja na nusu unaanza na kivuli hapa unamaliza kivuli kiko kwingine, ukija kukata na kuunganisha maneno pua inaruka ruka. Kipindi cha masika ni mbaya zaidi, wingu linapita kila baada ya sentensi mbili. Na Dar jua la mchana linakaa karibu juu ya utosi, kwahiyo mida ya saa sita kinachoingia dirishani mara nyingi sio jua lenyewe, ni mwanga uliogonga mchanga wa uchochoroni au bati jipya la jirani, unatokea chini kwenda juu, mtu anakuwa kama anasimulia hadithi za majini. Dirisha mi nalitumia kwa maongezi mafupi tu, nusu saa, asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo nalifunika kwa nje, kitambaa cheusi au maboksi yaliyokunjuliwa yamebanwa kwenye nondo.

Kuna njia ya tatu ambayo kama una mtu wa kumuamini naipenda kuliko zote: taa yako iweke nje uchochoroni, iangalie ndani kupitia dirishani. Chumbani unabaki na nafasi, joto linabaki nje, na mwanga unaingia kama wa dirisha la kweli ila hautembei. Mlinzi wa taa asiwe mtoto wa jirani uliyemuahidi soda, nimeshakula hasara ya namna hiyo. Na isogeze mbali kidogo na nondo au zifunike na kitambaa cheupe, la sivyo mhojiwa atakuwa na kivuli cha gereza usoni.

Hatua ya 4: Taa moja, karibu, kubwa

Nilikuja na tatu, nilipaswa kuja na moja.

Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Lugha ya darasani hiyo, ila kwenye chumba kidogo ndo silaha yako. Chukua bibi amekaa mita 1.5 mbele ya kona. Taa ukiiweka mita 1.5 kutoka usoni, mpaka ukutani ni mita 3, mara mbili, kwahiyo ukuta unapata robo ya mwanga anaoupata yeye. Sasa ilete taa mpaka sentimita 75. Mpaka ukutani inakuwa mita 2.25, mara tatu, ukuta unapata moja ya tisa. Hujagusa ukuta, hujaongeza taa, umesogeza stendi tu na ukuta umezama gizani, bibi amebaki mbele peke yake. Kila mtu akiingia chumba kidogo anasukuma taa mpaka kona ya mbali ili "isimuumize," kumbe anauwashia ukuta.

Gharama ya kuisogeza karibu ni ile ya kochi niliyosema. Taa ikiwa sentimita 75 na mtu akajikunjua kuja mbele sentimita 20, mwanga usoni unakaribia mara mbili, anaungua. Ndo maana kiti cha mbao. Na kama mhojiwa ni mtu wa mikono na mabega, wale wanaosimulia kwa mwili mzima, rudisha taa mpaka mita moja na ukubali ukuta uonekane kidogo.

Karibu peke yake haitoshi, iwe na upana. Taa ndogo ya karibu ni kama tochi ya polisi. Mbele yake weka kitu cheupe cha kusambaza mwanga, na huhitaji kununua softiboksi: chandarua cheupe kilichokunjwa mara nne kinafanya kazi nzuri mno, pazia jeupe la bafuni pia, karatasi ya kutresi pia. Kipana kama mita moja kwa mita moja, na kiache nafasi ya sentimita 30 au 40 toka kwenye taa ili mwanga ukijaze chote usibaki doa katikati. Hii ni kwa taa za LED, nasisitiza, zile za halojeni zinawaka moto wa kweli, chandarua kinashika na nyumba ya watu inaenda.

Stendi itakaa wapi na chumba kimejaa? Mara nyingi haikai. Bana taa kwenye nondo za dirisha, kwenye mlango wa kabati, kwenye mti wa chandarua wa kitanda, kwenye boriti kama hakuna dari, au funga mpini wa ufagio uwe mkono unaotokea juu ya kabati. Chochote kilicho juu ya kichwa cha mtu kifungwe mara mbili, kamba na kibanio, hata kama kibanio kinaonekana kimeshika.

Upande gani? Mhojiwa anamtazama muulizaji, sio lenzi. Taa iweke upande ule ule aliokaa muulizaji, yaani muulizaji awe kati ya taa na kamera. Hapo upande wa uso ulio mbali na kamera ndo unapata mwanga na ule ulio karibu na kamera unaingia kivulini taratibu. Ukigeuza, ukamulika upande wa kamera, uso unakuwa bapa kama sahani. Urefu iwe juu ya macho kidogo, ishushe mpaka uone nukta ya mwanga ndani ya mboni, na kwenye shavu la kivulini patokee kapembetatu kadogo ka mwanga chini ya jicho. Wanakaita ka Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alikuwa anawachora watu hivyo hivyo. Usipokaona usilie, ila kama jicho la pili limezama kabisa shusha taa au ilete mbele kidogo.

Hatua ya 5: Shughulika na kuta

Ile hesabu ya moja ya tisa ni ya mwanga unaoenda moja kwa moja. Unaogonga na kurudi haumo. Na hapa ndo bibi alipopata ukijani, taa ilimpita, ikagonga ukuta wa kijani sentimita 60 kutoka begani, ikarudi shavuni.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti cha mhojiwa wewe mwenyewe, washa taa kuu peke yake, na mwenzako asimame kwenye kamera akuangalie upande wa kivuli. Kisha achukue kitambaa cheusi akisogeze pole pole karibu na shavu lako nje ya fremu, halafu akitoe alete shuka jeupe. Mtaona kwa macho. Kitambaa cheusi kinakula mwanga wote unaorudi, kivuli kinakolea, uso unapata umbo. Shuka jeupe linarudisha mwanga msafi usio na rangi ya ukuta. Vyote viwili vinaondoa kijani, chaguo ni la maudhui: mtu anayesimulia msiba au kesi ya ardhi ya miaka 20 naweza kumuwekea cheusi, bibi anayeelezea ngoma za unyago na vicheko vyake nikamuwekea jeupe.

Kitambaa cheusi nunua kizito kisichong'aa, mita 2 kwa 3 inatosha, vipande viwili. Pale mtaa wa Uhuru Kariakoo hukosi, ila kiangalie juani kwanza maana kuna vyeusi vingine vikimulikwa vinakuwa vya kahawia vinang'aa kama satini. Baibui limewahi kuniokoa pia, la mama mwenye nyumba, nililirudisha limenyooshwa. Jeupe ni shuka la kitanda au karatasi ya manila nne zimeunganishwa kwa tepu. Jeupe kweli lakini, lile lililofuliwa na bluu nyingi litakupa bluu.

Kwa bibi niliporudi niliufunika ule ukuta wa pembeni wote kwa shuka, kuanzia juu ya rangi ya kijani mpaka sakafuni, vibanio vya nguo sita na misumari iliyokuwepo tayari ya kutundikia kalenda. Sakafu nayo usiisahau, kapeti jekundu linapandisha wekundu kidevuni, tupia kitambaa cheusi chini mbele ya miguu nje ya fremu. Na dari nyeupe ya jipsamu, ikiwa chini, inajaza mwanga toka juu na kutia macho vivuli, hapo pindisha kitambaa juu ya taa kiwe kama ukingo wa kofia ili isimwage mwanga juu.

Hatua ya 6: Nyuma ya mtu

Hapa pita haraka. Taa ya nyuma ya kumulika nywele iache, kwenye chumba kidogo hakuna pa kuificha na inaonekana kama kipindi cha tivii. Kama nyuma pamekufa sana weka kataa kadogo ka mezani chenye globu ya wati 3 ya njano, juu ya kabati au nyuma ya friji kasionekane chenyewe, kamulike ukuta tu upande ule uso ulipo kivulini. Upande wa kivuli wa uso ukikaa mbele ya ukuta wenye mwanga hafifu, kichwa kinajitenga chenyewe.

Vioo ndo adui. Kabati la vyombo, dresingi, picha za harusi kwenye fremu, tivii iliyozimwa. Usiviondoe vyote ukaacha ukuta uchi, hicho ndo chumba cha mtu, ndo maisha yake. Vifungue au viegemeze kidogo, pachika kikaratasi kilichokunjwa nyuma ya fremu ya picha ielekee chini na taa itapotea. Rangi ya mafuta nayo ni kioo, doa la taa likitokea ukutani sogeza taa au kamera, halifutiki kwa kupunguza mwanga.

Hatua ya 7: Ngozi, miwani, kanzu

Zamani maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, watu wakaziita kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inatoka kama kivuli chenye meno. Kamera za sasa zimebadilika ila tabia ya mtu wa kamera haijabadilika, akiona ngozi nyeusi anaongeza wati. Usiongeze, panua. Ngozi nyeusi inasomeka kwa mng'ao, ule mstari laini kwenye paji, kwenye shavu, kwenye kingo za pua, na chanzo kipana cha pembeni ndo kinauchora. Kwahiyo usimpake poda mpaka akauke kama unga, mpe tishu ajifute jasho tu, mng'ao kidogo uache. Na angalia kwenye boksi la taa namba ya CRI, inayosema taa inaonyesha rangi kwa usahihi kiasi gani, iwe 95 kwenda juu, taa za bei chee zinakosa wekundu na ngozi yetu inatoka ya majivu.

Ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kamera inachopokea, ipime usoni. Kamera ikiwa otomatiki inaona kanzu nyeupe inaogopa, inamzamisha mzee wa watu, au inaona ukuta mweusi inamuunguza. Kanzu na kofia kwenye taa ya karibu ni kazi kweli, kifua kinawaka kuliko uso. Dawa: kitambaa cheusi kifunge kwenye nusu ya chini ya lile chandarua lako, mwanga wa kifuani unakatika na wa usoni unabaki. Kwa mwenye baibui ni kinyume, kamulikie kidogo nguo kwa shuka jeupe mapajani nje ya fremu, asije kuwa uso unaoelea.

Miwani ipandishie taa juu na iende pembeni zaidi, halafu muombe ainyanyue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viangalie chini. Usimwambie aivue, mtu asiyeona anakodoa.

Hatua ya 8: Kamera na kupepesa

Umeme wetu ni Hezi 50, kwahiyo taa nyingi za nyumbani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kamera fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50, na mistari inayotembea itapotea. Ukiacha 30 na 1/60 kama kamera ilivyokuja kiwandani utapata mawimbi ukutani. Baadhi ya LED ukizipunguza mwanga kwa kitufe chake zinapepesa kwa namna yao nyingine kabisa, zipime kwa simu kwenye slomosheni kabla hujaondoka nyumbani, na zikipepesa ziache kwenye nguvu yote, punguza kwa kuongeza mkunjo wa chandarua. Waiti balansi, ile seti ya kamera ya rangi ya mwanga, usiache otomatiki, weka namba ya Kelvini na ukae nayo.

Hatua ya 9: LUKU, joto, kukatika

Wale jamaa wa taa kubwa za wati 800, tatu, masaa matatu, wanamaliza yuniti 7.2 za bibi wa watu na chumba kimekuwa kama pasi mbili zinawaka ndani. LED ya wati 60 kwa masaa hayo hayo ni yuniti 0.18. Hata hivyo mnunulie umeme, ulizia namba ya mita mapema. Betri zile kubwa za NP-F mbili au tatu uwe nazo zimejaa, moja inabeba kama wati-saa 47, kwa taa inayokula wati 30 ni saa moja na nusu, umeme ukikatika katikati ya sentensi mtu anaendelea kusimulia. Ekstensheni ipite ukingoni mwa ukuta chini ya tepu, watoto wanapita mbio.

Kila dakika 20 simama, fungua mlango, washa pangaboi, mpe maji. Kabla ya kuendelea linganisha picha na fremu ya kwanza kabisa ya intavyuu, kiti kinakuwa kimehama bila mtu kujua.

Hatua ya 10: Muonyeshe

Kabla ya swali la kwanza mgeuzie mhojiwa kioo cha kamera ajione. Wengi wanarekebisha mtandio tu, lakini mara nyingine anakuonyesha kitu hujakiona. Bibi mara ya pili alijitazama kimya muda mrefu, akasogeza khanga begani, akasema "Haya, huyu ndo mimi. Yule wa kwanza mlimtoa wapi?" Halafu akauliza kwanini picha ya marehemu mume wake haionekani, ilikuwa nyuma ya lile shuka jeupe. Tukaihamishia juu ya kabati, ikaingia kwenye fremu, na nusu ya intavyuu ikawa kuhusu huyo mzee.

Jioni tulitoa zile picha za simu, tukarudisha kalenda, kabati, kapeti. Meza tukainyanyua watu wawili, mwenzangu akaingiza tofali kwa mguu, ikakaa. Bibi akaitikisa, haichezi. Akasema hiyo ilikuwa inacheza tangu mwaka juzi.